Sura ya Saba: Ukumbi Ulioungua Mvuani

Ijumaa ya mwisho ya Julai, mwaka wa sabini na mbili, Inspekta Bethwel Adongo aliingia kazini amevaa soksi mbichi. Alikuwa na jozi tatu tu, na kwa wiki mbili Eldoret haikuwa imepata jua la kukausha hata leso. Kila siku mvua ilishuka saa tisa mchana ikanyesha hadi jioni, na wenyeji wa mji huu, ambao wengi wao bado waliuita Sikstifoo kwa namba ya shamba ulipojengwa, walikuwa wamezoea kumaliza shughuli zao kabla yake. Adongo, mzaliwa wa kando ya ziwa, hakuwa amezoea. Mara mbili aliandika kuomba uhamisho, na mara mbili alijibiwa kwa barua moja iliyobadilishwa tarehe tu.

Mezani palikuwa na faili jembamba. Jana yake, Alhamisi, saa kumi alasiri, ukumbi wa mbao uliojengwa na makaburu karibu na mto Sosiani ulishika moto katikati ya mvua na kuteketea. Humo ndimo ilimokuwa ifanyike Programu ya Agosti, ile iliyobandikwa kila ukuta mjini: mashindano ya kwaya, michezo ya kuigiza ya walimu, maonyesho ya michoro ya shule, ngoma ya mwomboko ya Wakikuyu, ngoma ya isukuti ya Waluhya, wiki tatu mfululizo, na waamuzi kutoka Nairobi. Mlinzi wa ukumbi, Mzee Shivachi, alilazwa hospitali, mikono yote miwili imeungua. Adongo alimhoji kitandani jioni hiyohiyo, na mzee akakubali kwamba alimwona mtu akikimbia kutoka stoo na sanduku.

Sanduku lilitosha. Kila mtu mjini alijua ni nani hutembea na sanduku. Kinyanjui, mpiga kodiani wa mwomboko, kile kinanda cha kukunja na kukunjua, alikuwa amegombana hadharani Jumatatu na ofisa wa mji aliyesimamia programu, ugomvi wenyewe ukiwa juu ya ukumbi huohuo. Adongo alimkuta nyumbani anakula githeri, kodiani iko chini ya kitanda ndani ya sanduku lake, akamwambia avae viatu.

"Kesi imekwisha," Mkuu wa kituo alikuwa amesema. "Nyumba haiungui mvuani yenyewe. Hiyo ni petroli. Jumatatu kortini."

Hata mitaani ndivyo walivyosema. Mvua yote ile, na moto wote ule, lazima kulikuwa na mkono wa mtu. Adongo naye alisema hivyo hadi akalala.

Kwenye benchi la mapokezi alikuwa ameketi mwanamke wa miaka arobaini hivi, kiondo mapajani, kitambaa cha kichwa kimelowa. Sajini Chumo, Mnandi mrefu aliyefanya kazi na Adongo tangu uhuru, alisema mama huyo yuko hapo tangu alfajiri.

"Mimi ni Nduta, bibi ya Kinyanjui," mwanamke alisema. "Sikuja kulia, afande. Nimekuja kuuliza kesho atatoka saa ngapi."

"Kesho hatoki, mama. Jumatatu anaenda kortini."

"Kesho ni kura."

Akaeleza polepole, kama mtu aliyekwisha kueleza mara nyingi usiku huo akiwa peke yake. Kampuni yao ya mashamba, iitwayo Gathima, ilikuwa imenunua shamba la kaburu mmoja upande wa Kesses. Walikuwa wamengoja miaka minane. Kesho saa tatu asubuhi kila mwanachama angetia mkono ndani ya debe na kutoa namba ya kipande chake. Jina likiitwa mara tatu na mwenyewe asijibu, nafasi yake inakwenda kwa walio kwenye orodha ya kungojea.

"Wewe huwezi kuchukua kwa niaba yake?"

"Sheria inasema mwanachama, kwa mkono wake mwenyewe. Mwanachama ni yeye." Nduta akafunga kiondo chake vizuri. "Alizaliwa kwa hiyo shamba, afande. Baba yake alikuwa anakamua ng'ombe za huyo kaburu. Mkimweka mpaka Jumatatu, hata mkimwachilia, mtakuwa mmemwachilia aende wapi?"

Adongo alichukua kofia yake akamwita Chumo.

Ukumbi ulikuwa umebaki nguzo chache na mabati yaliyopindika. Jivu lilikuwa limegeuka tope jeusi. Stoo ilikuwa nyuma ya jukwaa, chumba cha hatua sita kwa nane, chenye mlango mmoja na dirisha moja dogo. Adongo alipiga magoti mahali pasipofaa kupiga magoti, akaanza kupekua kwa kijiti.

Kitu cha kwanza alichokipata kilimuudhi. Lilikuwa debe la mafuta ya taa, lililotumika kwa taa za jukwaani. Lilikuwa limefura kwa joto lakini kifuniko chake kilikuwa kimekaza.

"Mtu anakuja kuchoma nyumba," Adongo alisema, "anakuta mafuta mlangoni, halafu anayaacha?"

"Labda alikuja na yake," Chumo alisema.

"Labda. Unasikia harufu?"

Chumo alivuta pumzi. Harufu ilikuwa ya mbao zilizolowa, basi.

Kitu cha pili kilikuwa kitasa cha mlango, cha aina inayojifunga chenyewe mlango ukisukumwa. Kilikuwa kimefungwa. Hatua mbili kutoka hapo, ndani ya tope, kijiti kikagonga chuma: pete ya funguo tano. Chumo alijaribu ufunguo mmoja kwenye kitasa. Ulizunguka kwa shida, lakini ulizunguka.

"Hizi ni za mlinzi."

"Mlinzi aliniambia funguo zilikuwa kiunoni mwake." Adongo alifungua daftari lake la jana kuhakikisha. Ndivyo ilivyoandikwa.

Kisha akaona misumari. Ilikuwa midogo, ya kupigilia ngozi, na ilikuwa imelala kwa duara, kama ilivyoanguka mbao ilipoungua chini yake. Chini ya mahali rafu ilipokuwa palikuwa na duara mbili, moja kubwa kuliko nyingine. Duara ya tatu, kubwa kuzishinda zote, ilikuwa mbali na rafu, karibu na mlango, na ubavuni mwake palikuwa na kiunzi cha jiko la makaa.

"Jiko la mlinzi," Chumo alisema. "Alikuwa anapika chai."

"Hakuna sufuria," Adongo alisema. Alichora duara hizo tatu katika daftari, akapima hatua, akainuka. Magoti yake yalikuwa yamelowa sasa, yakafanana na soksi.

Priscah, ofisa wa burudani na maslahi wa mji, alikuwa ofisini mwake amezungukwa na marobota ya programu zilizopigwa chapa kwa stensili. Alikuwa binti wa miaka ishirini na saba aliyesomea kazi hiyo, na tangu jana alikuwa akipiga simu kwa kila mwenye paa kubwa. Kanisa moja lilikubali kwaya lakini likakataa ngoma. Shule moja ilikubali ngoma lakini haikuwa na viti.

"Waamuzi wameshakata tikiti, Inspekta," alisema bila salamu. "Niambie umepata petroli, nijue angalau ni nani nimlaumu."

"Niambie kwanza ugomvi wa Jumatatu."

"Hao watu wa Gathima walikuwa wameandikiwa ukumbi kesho, wa kupigia kura yao. Mimi nikauhitaji kwa mazoezi. Nikawaambia kura yaweza kupigwa hata shambani, nje, lakini kwaya haiwezi kufanya mazoezi kwa matope. Kinyanjui akapandwa na hasira. Akasema nitaujutia huo ukumbi. Watu wote walisikia. Jumatano akaja akachukua kodiani yake, akaniambia mwomboko nipige mwenyewe."

"Una orodha ya vitu vya stoo?"

Alikuwa nayo, imepigwa taipu, safi. Adongo aliisoma kwa kidole. Mapazia. Mafuta ya taa, debe moja. Kodiani moja, imeondolewa na mwenyewe Jumatano. Ngoma za isukuti, tatu, rafu ya juu.

"Zote tatu rafu ya juu?"

"Baba, mama na mtoto. Ndivyo wanavyoziita, kubwa, ya kati na ndogo. Nilizipanga mwenyewe."

"Na jiko?"

Priscah aliinua uso. "Jiko gani? Moto ni marufuku stoo. Jiko la Mzee Shivachi linakaa kibandani kwake, nje, upande wa pili wa ua."

Adongo aliinakili orodha neno kwa neno, kwa sababu Mkuu alipenda nakala, akamshukuru. Alipofika mlangoni Priscah alimwuliza kama kweli mtu angechoma ukumbi mzima kwa sababu ya tarehe moja. Adongo alisema ameona watu wakichoma kwa chini ya hapo. Ni kweli alikuwa ameona, ila hakulisema kwa nguvu kama angelisema jana.

Kinyanjui aliketi sakafuni mwa seli, mgongo ukutani. Alikuwa mtu wa miaka hamsini, mwembamba, mwenye vidole virefu ambavyo havikutulia hata pasipo na kodiani.

"Kwa nini ulichukua sanduku Jumatano?" Adongo alimwuliza.

"Nilikwambia jana."

"Niambie leo."

"Kwanza nilikuwa na hasira, sitakuficha. Lakini hata bila hasira ningeitoa. Hiyo stoo iko na unyevu. Ndani ya kodiani sauti zimeshikwa na nta na ngozi, ikiingia maji inakuwa kama mtu ako na homa. Hii Julai mimi nalala nayo karibu kuliko bibi."

"Kwa hiyo vyombo vyote vilikuwa vinaharibika humo."

"Yangu ni afadhali. Hao wa isukuti ndio wanateseka. Zao ni ngozi ya kenge. Ikilowa inalegea, ukipiga inalia kama debe tupu. Lazima ioteshwe moto kwanza, ama jua. Na jua liko wapi?" Aliinua macho kwa Adongo. "Afande, sasa ni saa ngapi?"

"Saa sita."

"Imebaki saa ishirini na moja," Kinyanjui alisema, akarudisha kichwa chake ukutani.

Adongo alisimama katika korido ya seli bila kuondoka. Chumo, aliyekuwa ameshika mlango, alimwona akifungua daftari, akitazama duara tatu alizochora, kisha akilifunga.

"Twende tunywe chai," Adongo alisema.

"Sasa?"

"Pale mbele ya ukumbi. Kuna mama anauza."

Mama huyo aliitwa Nelima, Mbukusu mnene mwenye sauti ya chini, na kibanda chake cha mabati kilitazamana na lango la ukumbi uliokuwa. Aliwamiminia chai, akawawekea mandazi, akasubiri waanze.

"Mama, jana mvua ilipoanza ulikuwa hapa?"

"Niende wapi?"

"Ulimwona Mzee Shivachi?"

"Alikuja hapa saa tisa, mvua ikianza. Akaomba makaa moto. Jiko lake lilikuwa limezimika. Nikamtilia."

Adongo aliweka kikombe chini. "Makaa ya chai?"

"Chai alikunywa hapa kwangu. Vikombe viwili. Alisema anataka kupasha joto kitu cha baba yake." Nelima alifuta meza ambayo haikuwa chafu. "Ni vile tu anaongeaga. Mimi sikuuliza."

"Jana polisi walizunguka hapa mpaka saa mbili. Mbona hukusema?"

"Hakuna mtu aliniuliza, afande. Nyinyi mlikuja mkiuliza habari ya petroli. Mimi siuzi petroli."

Chumo alikohoa ndani ya kikombe. Adongo alimlipa mama, akaandika maneno yake, akamsomea, akamwomba atie sahihi. Nelima aliandika jina lake kwa herufi kubwa, moja moja, na hiyo ilikuwa sahihi ya mwisho kupatikana kwa urahisi katika shauri hilo.

Hospitalini waliambiwa wangoje hadi daktari amalize kubadilisha bandeji. Walingoja kutoka saa nane mpaka saa kumi na moja, mvua ikapiga bati juu yao tangu saa tisa. Muuguzi aliyeitwa Hellen ndiye aliyewaingiza, akawaonya kwamba mzee amechoka.

Mzee Shivachi alikuwa amelala chali, mikono yake imefungwa nyeupe hadi viwiko. Alipomwona Adongo alifumba macho. Adongo alivuta kiti.

"Mzee, nimekuta funguo zako ndani ya stoo."

Adongo alifungua daftari magotini.

"Nimekuta jiko, na misumari ya ngoma ile kubwa iko kando ya jiko. Mama Nelima amesema habari ya makaa. Mimi sitaki kukusumbua. Nataka uniambie wewe mwenyewe."

Mzee akaanza kwa sauti ya kawaida, kana kwamba alikuwa akingoja tu kufunguliwa.

"Ile kubwa ilikuwa ya baba yangu. Hao vijana wa isukuti hawakuwa na nzuri, nikawaazima. Kesho walikuwa na mazoezi, na huyo msichana wa ofisi angekuja kuwasikiliza. Sasa ngozi ilikuwa imelegea. Mimi nikaona, wataaibika na ngoma ya baba. Nikaweka jiko pale, nikaisimamisha mbali kidogo, vile baba alikuwa anafanya. Nikawa naigeuza." Alisogeza mikono yake juu ya blanketi. "Halafu nikakumbuka ubao wa programu uko nje langoni. Huyo msichana wa ofisi alisema karatasi isinyeshewe. Nikatoka kuuleta. Upepo ukapiga mlango, ukajifunga. Ufunguo uko ndani, kwa msumari. Mapazia yako pale karibu. Nikavunja dirisha na mikono, lakini limewekwa chuma."

"Ungepiga kelele."

"Nilipiga. Mvua na mabati, nani atasikia?"

Adongo aliandika. Hellen, aliyekuwa mlangoni, hakuondoka.

"Na yule mtu, mzee? Mwenye sanduku?"

Shivachi alifumbua macho, akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza.

"Ni wewe uliniuliza. Ulisema, 'Ulimwona mtu akikimbia na sanduku?' Mimi nilikuwa na maumivu, na nilikuwa naogopa. Ile kazi ndiyo nyumba yangu, wakinifukuza sina pa kulala. Nikaona afande mwenyewe anataka kuwe na mtu. Nikasema ndiyo."

Adongo alirudisha kurasa za daftari mpaka Alhamisi. Swali lilikuwa pale, kwa mwandiko wake, sanduku na yote. Chini yake palikuwa na neno moja: ndiyo. Habari ya sanduku alikuwa ameipata langoni, kwa watu waliokuwa wakitazama moto na kuhadithiana ugomvi wa Jumatatu, akaibeba mwenyewe hadi kitandani kwa mgonjwa. Aliona aibu, na aibu hiyo ilimpanda hadi masikioni mbele ya muuguzi na sajini.

"Sawa, mzee," alisema. "Nitakusomea, uniambie kama ni hivyo."

Alimsomea. Ilikuwa hivyo. Mzee hakujua kuandika, na kidole cha gumba kilikuwa ndani ya bandeji. Hellen alitia sahihi kama shahidi, na Chumo naye.

Saa kumi na mbili na nusu Mkuu hakuwa kituoni. Alikuwa mtaani Elgon View kwa rafiki yake, na kwenye simu kulisikika gramafoni na vicheko. Alisema mambo ya kumwachilia mtu hayafanywi kwa simu, wakutane kesho saa mbili. Adongo alimwambia habari ya kura. Mkuu alisema saa mbili ni kabla ya saa tatu, akakata.

Jumamosi saa mbili kamili Adongo alikuwa amesimama mbele ya meza. Mkuu alifika saa mbili na robo. Alisoma maelezo ya mzee taratibu, akafika mwisho, akageuza karatasi kutazama nyuma.

"Sahihi yake iko wapi?"

"Hajui kuandika, bwana. Na mikono imeungua."

"Hata dole gumba?"

"Limefungwa. Kuna mashahidi wawili."

"Mashahidi wa nini? Jumatatu huyu mzee anageuka, anasema hakusema, halafu mimi nimemwachilia mchoma nyumba kwa karatasi isiyo na alama. Leta alama yake, Adongo. Alama yoyote ya mwili wake."

Hapana haja ya kusimulia jinsi Landrova ilivyokwenda hospitali. Adongo alipita katikati ya wodi na kidau cha wino, akafunua blanketi miguuni, akamwomba Mzee Shivachi radhi. Mzee alicheka kidogo, kwa kuwa alitekenyeka. Alama ya kidole gumba cha mguu wa kulia ilitoka kubwa, ikachukua nusu ya ukurasa. Mkuu aliitazama muda mrefu, akatafuta kosa, akalikosa, akaandika jina lake. Ilikuwa saa tatu kasoro dakika tano.

Kinyanjui hakuuliza kitu. Aliingia nyuma ya Landrova, akashika chuma, na Chumo akaendesha. Barabara ya Kesses ilikuwa tope tupu. Mara mbili walikwama, na mara zote mbili Inspekta alishuka akasukuma bega kwa bega na mtu aliyemkamata. Mara ya pili Kinyanjui aliuliza saa. Adongo alisema tatu na nusu, ingawa ilikuwa zaidi.

Walipofika shambani saa nne ilikuwa inakaribia. Watu kama mia mbili walikuwa wamesimama kwenye majani mbele ya nyumba ya kaburu iliyofungwa madirisha, na hakukuwa na kura iliyokuwa ikipigwa. Wote walikuwa wamezunguka meza moja, wakibishana. Katikati yao alikuwa Nduta. Mkono wake wa kulia ulikuwa umekunja ngumi kifuani, na wa kushoto umeishika ngumi hiyo.

Mwenyekiti wa kampuni, mzee mmoja wa koti refu aitwaye Gichuru, alipoona sare alisogea kwao, amechoka kama wote.

"Afande, afadhali umekuja. Tuliita jina mara mbili, hakuna mtu. Mara ya tatu huyu mama akaitikia, akaja, akatia mkono kwa debe kabla hatujasema neno. Sasa karibu saa nzima hataki kufungua mkono. Tunamwambia arudishe, anasema tumkate."

"Wengine wanasema aachiwe," mtu alisema kutoka nyuma.

"Na wengine wanasema kampuni haiwezi kumpa shamba mtu wa kuchoma ukumbi wa serikali," akajibu kijana mmoja mwenye kofia ya sufu. Huyo aliitwa Wanyoike, na Adongo alikisia, bila kuambiwa, kwamba ndiye wa kwanza kwenye orodha ya kungojea.

Gichuru aliinua mikono watu wanyamaze. "Hebu tuulize wenyewe. Afande, Kinyanjui ametoka kwa dhamana, ama amefanya nini? Tukijua, tutajua la kufanya."

Kabla hawajaondoka kituoni Mkuu alikuwa amemwagiza Adongo kitu kimoja: ajibu kwamba uchunguzi unaendelea, na asiseme zaidi. Adongo alimtazama Nduta. Vifundo vya vidole vyake vilikuwa vyeupe.

"Hajatoka kwa dhamana," alisema, kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma. "Hana kesi. Ule moto ulikuwa ajali, na yeye hakuwa hata karibu. Nilimkamata kwa neno la shahidi, na lile neno nililitia mimi mwenyewe mdomoni mwa shahidi. Asingekuwa seli asubuhi hii kama mimi ningefanya kazi yangu vizuri. Alizuiwa kufika hapa na polisi, hakukataa kuitika. Mkitaka niandike, nitaandika."

Hakuna aliyepiga makofi. Wazee wa kamati waliweka vichwa pamoja, wakanong'ona kwa Kikuyu, na Wanyoike akasema maneno mawili matatu ambayo hayakuungwa mkono. Mwishowe Gichuru alirudi mezani.

"Kura hii imekubaliwa," alisema. "Mama, fungua mkono."

Nduta alifungua. Karatasi ilikuwa imelowa jasho na kujikunja, ikabidi Gichuru aitandaze kwa kucha mbili. Akasoma, karani akaandika, jina linalofuata likaitwa, na duara ya watu ikasogea.

Nduta alimwendea mumewe. Walisimama hatua moja baina yao, kama watu walioonana jana tu, na kwa kweli walikuwa wameonana juzi.

"Ngapi?" Kinyanjui aliuliza.

"Sitini na tatu. Nilichukua ya juu. Sikuwa na wakati wa kuchagua."

Ramani ilikuwa imebandikwa kwenye mlango wa nyumba, lakini Kinyanjui hakwenda kuitazama. Aligeuza uso upande wa mteremko, akahesabu vipande kwa midomo, kwa kuwa mpangilio wake alikuwa ameukariri.

"Ni pale kwa josho," alisema.

Nduta aliziba mdomo kwa kitambaa chake. Adongo hakuelewa, na Chumo, aliyekulia kwenye ng'ombe, ndiye aliyemweleza kwa sauti ya chini. Ni pale kaburu alipokuwa akiogesha ng'ombe zake kwa dawa ya kupe, miaka thelathini, na maji yake yote yakamwagwa hapohapo. Dawa ile ya zamani ilikuwa sumu kali. Hapamei mahindi, hata majani ni ya kubahatisha.

Adongo aliutazama mteremko. Kama angefika saa tatu, mkono wa Kinyanjui ungetoka na namba gani? Labda yenye maji, labda ileile. Alikuwa mpelelezi kwa miaka kumi na moja, na swali hilo hakuwa na njia ya kulipeleleza.

"Kinyanjui," alisema, "mimi..."

Lakini Kinyanjui alikuwa ameshachukua kiondo mkononi mwa mkewe akakitia begani. Alimpa Adongo mkono, kwa heshima, kama apewavyo mgeni anayeondoka.

"Asante kwa lifti, afande," alisema, wakaanza kuteremka yeye na Nduta, kwenda kupaona.